Setilaiti Ni Mizani, Si Macho: Acheni Kutuuzia Ramani za Rangi

Kuna maradhi yameingia katika fani yetu ya teknolojia, na leo nimeamua kuyasema hadharani. Mtu anachukua takwimu za setilaiti, anazipaka rangi nyekundu na buluu, anazilaza juu ya ramani ya Kenya, halafu anasimama mbele ya majaji wa hakathoni na kutangaza: "Mfumo wetu unaonyesha maji yaliyo chini ya ardhi, kijiji kwa kijiji." Makofi. Picha. Hundi kubwa ya kadibodi. Na kule kijijini mama bado anapanga foleni na mitungi yake, kwa sababu ramani haichoti maji.

Mimi ni mwandishi wa programu. Sina ugomvi na setilaiti, tena nazipenda, ndiyo maana sipendi zikisingiziwa. Hoja yangu ni moja na ninaitoa mapema, ili asiye na muda aende zake: SETILAITI HAIONI MAJI CHINI YA ARDHI. Inachofanya ni kupima uzito. Na mizani yenyewe ni kubwa mno kwa kijiji, kwa mji, na hata kwa kaunti nyingi. Bila kamba ya kupima kina cha maji ndani ya visima vyetu, na bila vipimo hivyo kuwekwa mahali ambapo kila mtu anaweza kuvisoma, takwimu za angani ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni jukumu letu sisi tulio hapa chini, na tumeiacha ilale.

Haya, twende polepole.

Tom na Jerry

Tuanze na chombo chenyewe, maana wengi wanaokitaja hawajui kinavyofanya kazi. Tarehe 17 Machi 2002, NASA ya Marekani na shirika la anga la Ujerumani DLR walirusha setilaiti mbili pacha kutoka Plesetsk, Urusi. Mradi uliitwa GRACE. Pacha hao walipewa jina la utani Tom na Jerry, kwa sababu mmoja alikuwa akimfukuza mwenzake kuzunguka dunia bila kumfikia. Kati yao palikuwa na kilomita 220 hivi, na mwanzoni walikuwa kilomita 500 hivi juu ya ardhi.

GRACE haikubeba kamera ya kupiga picha ardhi. Kazi yake ilikuwa kupima umbali kati ya Tom na Jerry, kwa mawimbi ya maikrowevu, kwa usahihi wa maikroni chache, yaani sehemu ndogo sana ya unene wa unywele wako. Kwa nini mtu ajisumbue hivyo? Kwa sababu kila kitu chenye uzito huvuta. Setilaiti ya mbele inapokaribia mahali pazito zaidi, inavutwa kwanza, inachomoka kidogo, na umbali unaongezeka. Ya nyuma ikifika hapo, nayo inavutwa, na umbali unapungua. Kusanya vipimo vya mwezi mzima, unapata ramani ya mvutano wa dunia. Mwezi unaofuata unapata nyingine. Milima haihami kwa mwezi mmoja. Kwa sehemu kubwa ya nchi kavu, kinachohama ni maji. Ukitoa ramani moja kwa nyingine, unajua ni wapi maji yameongezeka na wapi yamepungua.

GRACE ilimaliza kazi Oktoba 2017. Warithi wake, GRACE-FO, walirushwa tarehe 22 Mei 2018 kutoka California, safari hii NASA ikishirikiana na kituo cha GFZ cha Potsdam, Ujerumani. Katikati kuna pengo la karibu mwaka mmoja lisilo na vipimo (kumbuka hilo unapochora grafu yako, usiunganishe mstari kana kwamba hakuna kilichotokea). Mrithi mwingine, GRACE-C, amepangiwa kurushwa mwaka 2028. Na uzuri wake: takwimu zote ni za bure. Mwanafunzi wa Maseno anapakua faili ileile anayopakua profesa wa Texas.

Mizani ilipofanya kazi ya mizani

Mfano bora ni India. Mwaka 2009 Matthew Rodell wa NASA, pamoja na Isabella Velicogna na James Famiglietti, walichapisha katika jarida la Nature hesabu ya majimbo ya Rajasthan, Punjab na Haryana, pamoja na Delhi. Kati ya Agosti 2002 na Oktoba 2008, eneo hilo lilipoteza kilomita za ujazo 109 za maji ya ardhini. Tuilete nyumbani: bwawa la Masinga likijaa pomoni lina mita za ujazo bilioni 1.56 hivi. Kwa hiyo ni Masinga 70, zimenyonywa kwa pampu za wakulima kwa miaka sita. Tena mvua ya miaka hiyo ilikuwa karibu na kawaida. Huwezi kumsingizia ukame.

Hiyo ndiyo kazi ambayo setilaiti inaiweza kuliko chombo chochote. Haiombi viza, haiogopi mkuu wa wilaya, haisubiri ripoti ipigwe muhuri.

Lakini angalia mambo mawili ambayo wauza ramani hawayasemi. La kwanza, eneo lile lina kilomita za mraba 438,000 hivi, sawa na robo tatu ya Kenya nzima. Ndiyo maana mizani iliweza. La pili, India ina maelfu ya visima vya uchunguzi, na bodi yao ya maji ya ardhini huvipima mara nne kwa mwaka. Setilaiti ilisema ni kiasi gani kimepotea kwa jumla. Visima ndivyo vinavyosema ni wilaya ipi, kina kipi, na shamba la nani linakauka kwanza. Sisi tumekopa nusu ya kwanza ya hadithi na kuisimulia kana kwamba ni nzima.

Mambo matatu ambayo ramani yako inayaficha

Sasa niongee na wenzangu wa programu. Wengine pia msikimbie, hakuna hesabu ngumu hapa.

1. Jumla si kisima.

Tom na Jerry hupima uzito wa maji YOTE kwa pamoja: ya ziwani, mtoni, kwenye udongo, kwenye theluji na yaliyo chini kabisa. Ili upate ya chini peke yake, lazima utoe mengine:

maji_ya_chini = jumla - udongo - ziwa_na_mito - theluji

Jumla imetoka angani, sawa. Hayo mengine yametoka wapi? Mara nyingi yametoka kwenye modeli za tarakilishi, na modeli hizo zinalishwa mvua na joto. Mahali penye vituo vingi vya kupimia mvua, modeli inashiba. Kaskazini mwa Kenya, ambako kutoka kituo kimoja hadi kingine ni safari, modeli inakula makadirio. Kila kosa la udongo, kila kosa la ziwa, linaangukia kwenye jibu la mwisho.

Mfano uko mlangoni petu. Ziwa Victoria lina kilomita za mraba karibu 69,000. Likishuka mita moja tu, maji yaliyopotea ni karibu kilomita za ujazo 69. Kufikia mwishoni mwa 2006 ziwa lilikuwa limeshuka zaidi ya mita moja kulinganisha na 2003, kwa sababu ya ukame na pia maji mengi yaliyofunguliwa kwenye mabwawa ya Jinja. GRACE iliona jambo hilo waziwazi. Sasa mtu akichukua kipimo cha upande wa Kisumu na Kakamega bila kulitoa ziwa vizuri, atapiga mbiu kwamba maji ya ardhini ya Magharibi yamekwisha. Kumbe ni ziwa!

2. Kimraba cha faili si kimraba cha kipimo.

Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Maabara ya JPL ya NASA imeigawa dunia vipande 4,551, kila kimoja kikiwa na upana wa digrii 3 hivi, yaani kilomita kama 330. Hicho ndicho kipande kidogo kabisa chenye habari ya kweli. Lakini kwa urahisi wa matumizi, faili inatolewa ikiwa na vimraba vya nusu digrii, kama kilomita 55. Maelezo yanayoambatana na faili yanakuonya juu ya jambo hili. Nani anasoma maelezo?

Kijana wetu anafungua faili, anaona vimraba vidogo vidogo, anafurahi. Anaita kazi ya kulainisha picha, vimraba vinayeyukiana kama rangi ya maji, halafu anakata ramani kwa mipaka ya kata. Imependeza kweli. Lakini kilomita 300 ni Nairobi hadi Voi! Makueni, yenye kilomita za mraba 8,000 hivi, ingeingia mara kumi na tatu ndani ya kipande kimoja. Kenya yote ni vipande vitano sita hivi. Ukimwambia mkulima wa Kibwezi kwamba kata yake ni ya buluu na ya jirani ni ya njano, umemdanganya, hata kama hukukusudia. Ni sawa na kuchukua picha ndogo ya pasipoti, kuivuta iwe ukubwa wa ukuta, kisha kudai umeona vinyweleo.

3. Sifuri si ukavu.

Namba zilizo kwenye faili hazisemi kuna maji kiasi gani. Zinasema yamezidi au yamepungua sentimita ngapi kulinganisha na wastani wa miaka 2004 hadi 2009. Basi. "Hasi tano" si kisima kikavu, na "jumlisha tano" si mto chini ya miguu yako. Tena, kwetu wastani wenyewe una mawaa, kwa kuwa ndani ya miaka hiyo kuna ukame wa 2005/2006 na wa 2008/2009. Ukipima watu kwa kulinganisha na mgonjwa, kila mtu ataonekana mzima.

Turkana ilitufundisha, tukakataa kufundishika

Septemba 2013 habari ilizunguka dunia: Kenya imepata bahari ya maji chini ya Turkana. Serikali na UNESCO walitangaza hifadhi mbili, ya Lotikipi na ya Lodwar, katika mradi uliofadhiliwa na Japan. Kampuni ya Radar Technologies International ndiyo iliyofanya uchunguzi kwa kuunganisha picha za rada za setilaiti, ramani za miamba na taarifa nyingine. Kiasi kilichotajwa kwa makadirio ya mwanzo kilikuwa angalau mita za ujazo bilioni 250. Wanasiasa wakaanza kupanda mashamba ya mdomoni.

Visima vya majaribio vilichimbwa, na maji yalikuwepo kweli. Tatizo ni ladha. Kufikia 2015 vipimo vilikuwa vimeonyesha kwamba maji ya Lotikipi yana chumvi kupita kiwango cha kunyweka. Kuyasafisha inawezekana, lakini hiyo ni mitambo, umeme na pesa, katika eneo ambalo barabara yenyewe ni mtihani.

Msinielewe vibaya. Njia iliyotumika pale si ile ya Tom na Jerry, na kosa halikuwa la setilaiti. Rada ilifanya ilichoweza: kuelekeza pa kuchimba. Kosa lilikuwa kutangaza jibu kabla ya kupima. Hakuna setilaiti inayoonja chumvi ya maji yaliyo ndani ya mwamba. Hiyo ni kazi ya chupa ya sampuli na maabara. Vichwa vya habari vilifika kabla ya chupa, na wananchi wa Turkana, waliokuwa wameahidiwa maji, wakabaki na neno "bilioni".

Kule Garissa somo ni hilohilo. Akwifa ya Merti (akwifa ni tabaka la mwamba au mchanga lililohifadhi maji) inanywesha watu na mifugo, na tangu 1991 inanywesha pia kambi za wakimbizi za Dadaab. Katikati yake maji ni matamu, pembezoni ni ya chumvi. Mtu anayechimba anahitaji kujua uko wapi mpaka wa utamu na chumvi, na kama mpaka huo unasogea kadiri tunavyovuta maji. Swali hilo ukimwuliza Tom, atakuelekeza kwa Jerry.

Tabianchi: hapa ndipo patamu, na ndipo penye hatari

Kuna msemo rahisi unaopendwa kwenye warsha: "Mabadiliko ya tabianchi yanakausha maji yetu ya ardhini." Ungekuwa kweli mahali pote, tungelia pamoja tukamaliza. Lakini vipimo vinasema jambo gumu zaidi, na la maana zaidi kwetu.

Twende Makutapora, karibu na Dodoma, Tanzania, kwenye visima vinavyonywesha mji ule. Pale watu walipima kina cha maji kwa miaka 55, tangu miaka ya 1950, enzi za mkoloni, uhuru, ujamaa na baada yake. Daftari likaendelea kuandikwa. Mwaka 2013 Richard Taylor wa University College London na wenzake, wakiwemo Watanzania, walichapisha maana ya daftari hilo. Maji ya pale hayajazwi na mvua ya kila mwaka. Miaka mingi hakiingii kitu cha maana, maji yanashuka tu. Halafu inakuja mvua nzito isiyo ya kawaida, mara nyingi ya El Niño, na hifadhi inajaa kwa kishindo. Ujazo mkubwa kuliko wote ulikuwa wa 1997/98, El Niño ile tunayoikumbuka kwa madaraja yaliyosombwa. Mvua iliyotuvunjia barabara ndiyo iliyojaza visima.

Sasa piga hesabu. Tom na Jerry walirushwa 2002. Tukio kubwa kuliko yote katika daftari la Makutapora hawakuliona! Liliandikwa na fundi mwenye kamba na kalamu, ambaye huenda hakuna aliyewahi kumwita mwanasayansi.

Setilaiti nazo zimeongeza lao. Mwaka 2022 Markus Adloff, Michael Singer na wenzao walitumia takwimu za GRACE kuchunguza maeneo makavu ya Pembe ya Afrika. Mvua za masika zimekuwa zikidhoofika, kila mfugaji anajua. Lakini akiba ya maji kwa jumla haikufuata mkondo huo; iliongezeka, kwa sababu mvua za vuli, zile nzito zinazokuja bahari yetu ikipata joto, zilikuwa zikipenya chini. Yaani inawezekana nyasi zikafa juu huku maji yakiongezeka chini.

Tafakari maana yake. Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023 misimu mitano mfululizo ilishindwa. Kenya peke yake ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Kabla ya hapo, mwisho wa 2019, mvua ilikuwa imenyesha kupita kiasi. Na baada yake, mwisho wa 2023 na masika ya 2024, mafuriko tena. Kwa mtu wa maji ya ardhini, hayo ni majaribio matatu makubwa ambayo anga ilitufanyia bila malipo: jaza, kausha, jaza. Tungeweza kujua ni akwifa zipi zinazojaa kwa mafuriko, zipi zinastahimili ukame, na wapi kisima kimoja kilichochimbwa vizuri kingeokoa ng'ombe elfu.

Basi nauliza: vilipimwa visima vingapi kila wiki katika miaka hiyo, Marsabit, Wajir, Mandera, Turkana? Na vipimo viko wapi? Mwenye navyo, avitoe. Mizani ya angani inasema akiba iliongezeka "katika eneo". Haisemi kama iliongezeka chini ya Bute au chini ya North Horr. Kwa mfugaji, hilo tu ndilo swali.

Na tusidhani ni aibu ya Kenya peke yake. Mwaka 2019 Mark Cuthbert na wenzake walipotaka kuangalia jinsi maji ya ardhini kusini mwa Sahara yanavyoitikia tabianchi, walifanya kazi na rekodi ndefu za sehemu 14, kutoka nchi 9. Kumi na nne! Kwa nusu bara! Na bado kazi yao ilikuwa hatua kubwa, kwa sababu 14 ni nyingi kuliko sifuri. Wahenga walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Najua mtakachosema

"Kupima visima ni ghali, setilaiti ni bure." Setilaiti si bure, imelipwa na mlipa kodi wa Marekani na Ujerumani. Kifaa cha kupimia kina cha maji ni utepe wenye ncha inayolia ikigusa maji, na bei yake haizidi ya kipakatalishi kizuri. Tena huhitaji kuchimba kisima kipya. Nchi imejaa visima ambavyo pampu imekufa. Kisima kisichovutwa maji ndicho kizuri kwa kupimia, maana maji yake yametulia.

"Kuna rada ya Sentinel-1, inaona hadi mtaa." Kweli, tangu 2014, nayo ni bure. Inapima ardhi inavyotitia, na ndivyo tunavyojua jinsi Mexico City inavyozama kwa kunyonywa maji yake. Lakini ardhi hutitia sana pale penye udongo wa mfinyanzi unaobonyea. Mwamba mgumu wa volkano unaweza kupoteza maji na usitikisike. Nairobi, ambako kina cha maji kimekuwa kikishuka kwa miongo kadhaa, haina budi kupimwa ndani ya kisima.

"Akili mnemba itajaza pengo." Itajaza kwa kitu gani? Mashine hujifunza kutokana na mifano. Ukiipa rekodi za sehemu 14, itakuchorea bara zima kwa kujiamini kabisa, na wewe utaamini kwa sababu picha ni nzuri. Hiyo ni kulainisha picha kulekule, kwa umeme mwingi zaidi.

"Takwimu zikiwa wazi, matajiri watachimba kote." Jamani! Tajiri ana mtaalamu wake tayari, na kibali cha kuchimba hudai uchunguzi wa kitaalamu. Asiyejua kitu ni chama cha akina mama kinachochanga shilingi elfu elfu kuchimba kisima ambacho jirani alishachimba kikawa cha chumvi.

Sheria ipo, daftari halipo wazi

Kwa mujibu wa Sheria ya Maji ya 2016, rasilimali za maji zimekabidhiwa serikali kuu kuzitunza kwa niaba ya wananchi. Mchimbaji anatakiwa kuwasilisha rekodi ya kisima alichochimba: kina, miamba, kiasi cha maji. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa raia haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inataka ombi lijibiwe ndani ya siku 21. Julai 2011 tulizindua tovuti ya takwimu huria kwa vifijo, miongoni mwa nchi za mwanzo Afrika.

Basi jaribu kuomba. Ofisi moja ya umma niliyoiandikia kuhusu visima vya eneo moja dogo tu ilinijibu baada ya barua ya pili. Nilipewa karatasi zilizopigwa picha, kina kimeandikwa kwa futi hapa na kwa mita pale. Mahali kisima kilipo? "Karibu na shule." Shule ipi haikuandikwa. Simlaumu karani, aliyekuja kabla yake alimwachia hivyo. Nalaumu nchi inayoona kupiga picha dunia kutoka angani ni maendeleo, na kuandika namba moja kwenye daftari ni kazi ya watu wadogo. Aprili 2023 tulirusha Taifa-1, nami nilishangilia. Lakini Taifa-1 ni kamera. Haiwezi kuona chini ya ardhi, na hakuna aliyedai inaweza. Utepe wa kisimani haurushwi kwa roketi, ndiyo maana haukati utepe wa uzinduzi.

Kwa hiyo tufanye nini?

Kwa kaunti: kabla ya kuahidi kisima kingine cha kampeni, chagueni visima kumi vilivyokufa, mvigeuze vya kupimia. Mpeni mtu mmoja utepe, pikipiki na mshahara. Mara moja kwa wiki. Msikome mvua ikinyesha, maana hapo ndipo pana habari.

Kwa mamlaka ya maji: rekodi mlizonazo, hata zikiwa chafu, ziwekeni wazi. Sisi tutazisafisha.

Kwa wenzangu: acheni ramani za kata kwa kata. Ukitumia GRACE, onyesha vipande vya kilomita 330 vilivyo wazi, vibaya vya macho, pamoja na kiwango cha kosa. Halafu njoo tujenge kitu kisichoshinda hakathoni yoyote: ujumbe mfupi wa simu wenye namba ya kisima, tarehe, kina kwa mita, chumvi, na kama pampu ilikuwa imepumzika. Vitu vitano. Faili moja ya maandishi inayoongezeka kila wiki, inayopakuliwa na yeyote. Nchi iliyozaa M-Pesa mwaka 2007 na Ushahidi mwaka 2008 haiwezi kujitetea kwamba imeshindwa kutuma namba tano kutoka North Horr.

Baada ya miaka kumi, mtu atachukua faili hiyo, aiweke kando ya vipimo vya GRACE-C, na kwa mara ya kwanza ataweza kumwambia mfugaji: kisima hiki kitakuvusha ukame huu, kile hakitakuvusha. Ramani ya namna hiyo nitaipigia makofi mimi mwenyewe, nikiwa nimesimama.

Ni hayo tu kwa leo.